Kiatu Kinunuliwe Jioni

   Leo nataka tuongee habari ya miguu. Ndiyo, miguu hii hii inayotupeleka shambani, sokoni, msikitini na kanisani. Na hasa nataka tuongee viatu vya mwendo mrefu: unavichaguaje, unavijaribuje, na unajuaje kwamba hiki kitanifaa na kile kitaniumiza.

Nianze na swali, na naomba ulijibu hapo hapo ulipo. Viatu unavyovitegemea kwa mwendo mrefu, ulivinunua saa ngapi? Sijauliza bei, wala sijauliza umenunua kwa nani. Nimeuliza saa. Ilikuwa asubuhi, umelala vizuri, umeoga, umepata siti kwenye daladala, ukashuka ukavijaribu vikakukaa sawasawa? Kama ndivyo, usiondoke karibu na redio, maana tutarudi kwenye saa hiyo mara nyingi.

Kwa nini nimelichagua jambo hili? Kwa sababu huku kwetu Pwani watu wanatembea. Ukikaa Kisarawe mjini siku za mwisho wa wiki, utaona makundi yanashuka kwenye magari kutoka Dar es Salaam, mabegi mgongoni, chupa za maji pembeni, wanaelekea Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Pugu-Kazimzumbwi iliyo chini ya Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania (TFS). Wapo wanaokuja kwa miguu hadi Kituo cha Hija Pugu, wakisali njiani. Kibaha nako, ukipita barabara ya Morogoro alfajiri, kuanzia Maili Moja kuelekea Mlandizi, utawakuta watu wa mazoezi wanatembea na wengine wanakimbia. Wapo wanaojiandaa kwenda Kilimanjaro, na kwa kuwa huku hatuna mlima, vilima vya Pugu ndivyo vinavyowapa pumzi. Na wapo watoto wetu wa shule wa vijijini, ambao hao hawajiandai kwa lolote, lakini mwendo wao wa kila siku ni mrefu kuliko wa sisi sote. Nitawarudia hao.

Wala kutembea masafa si mambo ya juzi. Mwalimu Nyerere alifundisha Pugu, pale St. Francis, hadi mwaka 1955, jirani kabisa na Kisarawe, na husimuliwa kwamba safari zake za mjini kwa ajili ya shughuli za chama, nyingine alizikata kwa miguu. Mwaka 1967, baada ya Azimio la Arusha, alitembea kutoka Butiama hadi Mwanza, zaidi ya kilometa 200. Hebu fikiria kilometa 200 ndani ya kiatu kinachobana kidole kimoja tu. Kidole kimoja! Kingetosha kuuharibu mwendo wote.

Haya, sasa tuingie kwenye jambo lenyewe.

Mguu wa asubuhi na mguu wa jioni hailingani. Narudia kwa faida ya aliyechelewa kufungua redio: mguu wa asubuhi na mguu wa jioni hailingani, ingawa ni yako mwenyewe. Ukisimama na kutembea kutwa, maji ya mwili yanashuka chini na kukaa miguuni. Joto letu la Pwani linapanua mishipa ya damu, na mguu unajaa. Halafu ule upinde wa unyayo, ule uwazi unaouona mtu akikanyaga kwa mguu uliolowa maji, unalala kidogo kidogo kwa kubeba uzito wa mwili. Ukiweka begi mgongoni, unalala zaidi. Kwa hiyo mguu unakuwa mpana zaidi, na pia unakuwa mrefu zaidi. Mtu anayevaa namba 42 asubuhi anaweza kumaliza siku ya mwendo mrefu akihitaji 43.

Unaona sasa kwa nini niliuliza saa? Kiatu cha mwendo mrefu hakivaliwi na mguu uliotoka kitandani. Kinavaliwa na mguu uliokwisha kutembea kwa muda wa saa nne au tano, umepata joto na umejaa. Huo ndio mguu wa kupeleka dukani. Nenda jioni, au nenda baada ya kutembea. Kama unaishi Kongowe na viatu unavifuata Maili Moja, usipande gari siku hiyo. Tembea, ufike miguu ikiwa imechoka kidogo, ndipo ujaribu.

Usiniamini mimi tu. Jaribu nyumbani kwako, hakuna gharama. Chukua karatasi ya daftari, iweke sakafuni iguse ukuta. Asubuhi ukiamka, simama juu yake, kisigino kiguse ukuta, uzito wote uwe kwenye mguu huo. Mtu mwingine akuwekee alama kwa penseli mbele ya kidole kirefu kuliko vyote, penseli isimame wima, isilale chini ya kidole. Halafu achore pande mbili, pale mguu ulipo mpana kabisa. Jioni, baada ya kazi, simama tena juu ya karatasi ile ile, safari hii ukiwa na begi lenye uzito mgongoni. Chora tena. Utaona mistari miwili. Wengine watapata tofauti ndogo, wengine watashangaa. Fanya miguu yote miwili, maana watu wengi wana mguu mmoja mkubwa kuliko mwenzake, na kiatu hununuliwa kwa ule mkubwa. Mdogo unasaidiwa kwa soksi au kwa soli ya ndani. Mkubwa ukishabanwa hauna wa kuusaidia.

Halafu chukua rula upime ule mstari wa jioni. Tuseme umepata sentimita 26 na nusu. Kipimo hicho kiandike mahali, kwa sababu tunakwenda nacho sokoni.

Sasa habari ya namba. Wengi wetu tukiulizwa, "Unavaa namba ngapi?" tunajibu haraka, "Arobaini na moja," tena kwa uhakika, tangu tulipomaliza shule. Lakini namba ni lugha ya kiwanda, na viwanda havisemi lugha moja. Namba za Ulaya, zile za 40, 41, 42, kila moja inapanda kwa theluthi mbili za sentimita. Namba za Waingereza zinapanda kwa theluthi moja ya inchi, ambayo ni kubwa zaidi kidogo. Namba za Marekani zina hesabu yao, na 8 ya kike ya Marekani ni fupi kuliko 8 ya kiume ya huko huko. Na hata ndani ya lugha moja, kampuni hii na ile hazikati sawasawa. Kwa hiyo dada yangu, kaka yangu, kuing'ang'ania namba ni kujitafutia taabu.

Ufanye nini basi? Kwenye viatu vingi vya michezo na vya mlimani, fungua kamba, inua ulimi wa kiatu, utakuta kibandiko kidogo. Juu yake kuna mstari wa namba: US, UK, EUR, na mara nyingi mwishoni CM. Hiyo ya CM ndiyo rafiki yako, kwa kuwa inalenga urefu wa mguu kwa sentimita, ule ule uliopima ukutani. Kama mguu wako wa jioni ni 26 na nusu, anza kujaribu kiatu kilichoandikwa 27. Nimesema anza kujaribu. Kibandiko kinakuonyesha pa kuanzia, uamuzi unabaki kwa mguu.

Na mguu una upana pia, jambo ambalo mara nyingi kibandiko hakilisemi. Hapa nataka nikae kidogo, kwa sababu linatuhusu sisi hasa. Watu waliokulia peku, waliokimbia utotoni bila viatu shambani na mtoni, miguu yao imepanuka mbele. Vidole vimeachana vizuri, kila kimoja kina nafasi yake. Wataalamu wa miguu walikwisha kulitazama hili tangu mwanzoni mwa karne iliyopita, wakalinganisha watu wanaotembea peku na wanaofungwa viatu tangu utoto, wakaona tofauti hiyo hiyo. Mguu wa namna hiyo ni mzima na una nguvu. Tatizo ni kwamba viatu vingi vinavyotufikia vimetengenezwa kwa kalibu nyembamba za mbele. Tunachofanya ni nini? Kiatu kinatubana ubavuni, kwenye kidole kidogo, na sisi tunatafuta kirefu zaidi ili tupate upana. Tunaupata upana, lakini sasa kisigino kinapwaya, kinapanda na kushuka kila hatua, na lengelenge linaanza nyuma. Umeponya mbele, umeumiza nyuma.

Ipo njia rahisi ya kuuona upana kabla hujatoa pesa. Ng'oa ile soli ya ndani, nyingi zinatoka. Iweke chini, simama juu yake na mguu wako wa jioni. Angalia. Je, nyama ya mguu inamwagika nje ya kingo? Kidole kidogo kimeishia sakafuni? Basi kiatu hicho ni chembamba kwako, hata kama ukikivaa dukani unakiona kimekaa. Ngozi na kitambaa vinavumilia dakika tano za dukani. Mbele ya kilometa ya kumi na tano vinakataa.

Mnamkumbuka Abebe Bikila, yule Mhabeshi? Tarehe 10 Septemba 1960, kule Roma, alishinda mbio za marathoni za Olimpiki akiwa peku. Dunia nzima ilishangaa. Kinachosahauliwa ni sababu. Viatu vilikuwepo, alivijaribu, havikumkaa vizuri. Yeye alikuwa amezoea kufanya mazoezi peku, nyayo zake zimekomaa, akaona heri aingie barabarani hivyo hivyo kuliko kuingia na viatu vya kumuumiza. Miaka minne baadaye kule Tokyo alikimbia amevaa viatu na soksi, akashinda tena. Sikuambii wewe uingie msitu wa Kazimzumbwi peku, hapana, kuna miiba na visiki na mambo mengine ya kutambaa. Ninachokuonyesha ni kwamba bingwa wa Olimpiki alikataa kiatu cha bure kwa sababu hakikumkaa. Wewe unayenunua kwa pesa yako una haki zaidi ya kukataa.

Tufike sasa kwenye mitumba, kwa sababu tuseme ukweli, buti nzuri za mlimani wengi wetu tunazipata huko. Karume pale Ilala, au kwenye meza za Maili Moja, unaweza kuokota kiatu ambacho kikiwa kipya hungekigusa kwa bei. Siwakatazi. Nawaomba mtumie vidole na macho.

Kwanza kigeuze, uangalie kisigino. Kama kimelika sana upande mmoja, mwenye nacho wa kwanza alikuwa anakanyaga kwa upande huo, na kiatu kimeshajifunza mwendo wake. Kitakulazimisha na wewe. Kiweke mezani uangalie kwa nyuma: kimesimama wima au kimeinama? Kilichoinama kirudishe. Ingiza mkono ndani upapase chini, utakuta mashimo ya vidole vya mtu mwingine. Kama mashimo ni madogo, soli mpya ya ndani itatosha. Kama ni makubwa, hicho ni kiatu cha mguu wake, hakitakuwa chako.

La pili ni kubwa zaidi, na naomba mlisikilize kwa makini. Buti nyingi za mlimani zina tabaka la katikati, kati ya ngozi na soli ya chini, lililotengenezwa kwa aina ya povu gumu linaloitwa poliyurethani. Povu hili linazeeka hata kama kiatu hakivaliwi. Unyevunyevu wa hewa unalila pole pole kwa ndani, na joto linaharakisha. Buti imekaa kabatini Ulaya miaka minane au kumi, ikasafirishwa ndani ya kontena, ikafikia unyevu wa Pwani. Kwa nje inang'aa, kashata za soli bado ndefu, unadhani umepata mpya. Unatembea nayo saa mbili msituni, soli inaanza kumeguka vipande vipande, au inabanduka yote kwa mara moja, unabaki umeshika soli mkononi na gari liko kilometa nane nyuma.

Utaijuaje mapema? Bonyeza lile tabaka la katikati kwa ukucha wa kidole gumba, kwa nguvu. Lililo zima linabonyea na kurudi. Lililokufa linabaki na alama, au linameguka, au unaona limejaa nyufa ndogo ndogo. Halafu kikunje kiatu, mbele kielekee nyuma, uangalie pale kinapokunjika: kuna mwanya kati ya soli na mwili wa kiatu? Usimwonee aibu muuzaji. Ukishaona dalili hizo kiache, hata akishusha bei nusu. Na hata kikifaulu mtihani huo, kivae nyumbani na mtaani wiki kadhaa kabla ya kukipeleka mbali. Wahenga walisema, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Na fundi viatu je? Fundi ni mtu muhimu sana kwenye habari hii. Kuna fundi mmoja hapa Kibaha, chini ya mwarobaini, niliwahi kukaa kwenye kiti chake kirefu nikimwangalia anatanua buti. Aliilowesha ngozi kwa ndani kwa kitambaa chenye maji, mbele tu, pale kidole kidogo kinapobanwa. Akaingiza kalibu ya mti, akaongeza kipande cha ngozi ubavuni mwa kalibu, mahali pale pale mteja alipomwonyesha, kisha akagongelea kabari nyuma. Akaiacha hadi kesho yake. Nilipomuuliza kama anaweza kuiongeza na urefu, alitikisa kichwa bila kuinua macho: fundi anaweza kukupa upana kidogo, urefu hawezi kukupa. Shikeni hilo, wasikilizaji. Kinachobana ubavuni kina dawa. Kinachogonga mbele hakina.

Haya, umekwisha kuchagua, umekaa kwenye kiti cha muuzaji, ni jioni, miguu imechoka. Unajaribuje? Vaa soksi zile zile utakazotembelea. Mtu anayejaribu buti akiwa na soksi nyembamba ya ofisini, au bila soksi kabisa, anajidanganya. Sukuma mguu mbele hadi vidole viguse, kamba zikiwa zimelegea, halafu ingiza kidole kimoja cha mkono nyuma ya kisigino. Kimeingia bila kulazimisha? Vizuri. Sasa rudisha kisigino nyuma, funga kamba, simama. Mbele ya vidole inapaswa kubaki nafasi ya upana wa kidole gumba cha mkono. Vidole vicheze, viweze kukunjuka na kukunjika. Katikati ya mguu kiatu kikushike vizuri. Kisigino kitulie mahali pake.

Halafu tembea, na usiishie hatua tatu mbele ya kioo. Tafuta mteremko. Hapa ndipo watu wengi wanakosea, kwa sababu kiatu kinachoumiza kwenye kushuka hakijitangazi kwenye tambarare. Ngazi za jengo la jirani zinatosha, au mbao iliyoegeshwa. Shuka ukikanyaga kwa uzito. Vidole vimegonga mbele? Hata kama ni kidogo tu, hata kama ni kimoja, hicho kiatu hakikufai. Ukitoka Pugu ukiteremka kwa nusu saa, kidole kinagonga mbele kila hatua. Damu inavilia chini ya ukucha, ukucha unakuwa mweusi, baadaye unang'oka. Wanaoshuka Kilimanjaro kwa njia ya Mweka wanaijua habari hii, maana mteremko ule ni mrefu na hauna huruma. Kata kucha fupi, zikatwe moja kwa moja bila kuzungusha pembeni, siku chache kabla ya safari. Usizikate asubuhi ya safari yenyewe.

Kamba nazo zina elimu yake. Tundu la juu kabisa, lile ambalo watu wengi wanaliacha wazi, limewekwa kwa sababu. Pitisha kamba humo upande ule ule, ufanye kitanzi kidogo. Fanya hivyo pande zote mbili. Sasa vusha kila kamba iingie kwenye kitanzi cha upande wa pili, vuta kuelekea chini, ndipo ufunge. Kisigino kinakamatwa, mguu hautelezi kwenda mbele. Hii ni ya kushuka. Ukianza kupanda, au mguu ukijaa katikati ya safari, simama ulegeze kamba za mbele. Kufunga kamba mara moja asubuhi na kuziacha hivyo hadi jioni ni kuusahau mguu wako.

Mtaniuliza, je, lazima ziwe buti? Kwa Kisarawe na Kibaha, hapana. Njia zetu nyingi ni kichanga, na vilima vyetu ni vya wastani. Raba nzuri yenye soli iliyoshiba na kashata inatosha kabisa wakati wa kiangazi, na inapumua vizuri kuliko buti ya ngozi. Buti ziweke kwa ajili ya mzigo mzito, mawe, au baridi. Tatizo la kichanga ni kwamba kinaingia. Kinakaa kati ya soksi na ngozi, kinasaga. Kata soksi kuukuu, ubaki na ile bomba yake, ivae juu ya kifundo ifunike mdomo wa kiatu, itazuia kingi. Na usione uvivu kusimama kukung'uta. Wakati wa masika mambo yanageuka: vilima vya Pugu vina udongo mweupe wa kaolini, na udongo wa mfinyanzi ukilowa unateleza vibaya. Soli iliyokuwa kipara itakulaza chini.

Kilimanjaro ni habari nyingine. Kule usiku wa kwenda kileleni baridi inashuka chini ya sifuri, na mtu anaongeza soksi ya pili nene. Kama buti ilikuwa inakutosha barabara na soksi moja, sasa inakubana, damu haipiti vizuri, na vidole vinakufa ganzi. Buti ya kubana ni buti ya baridi. Kwa hiyo ijaribu na soksi zote mbili hapa hapa chini, na jasho likutoke. Wapagazi wetu wanalijua hili kwa uchungu. Kanuni ya hifadhi inataka mpagazi asibebe zaidi ya kilo 20, lakini kilo hizo amezibeba mara ngapi akiwa na viatu vya kuazima, vya namba ya mtu mwingine? Tangu mwaka 2003 upo mradi pale Moshi, unajulikana kwa kifupi KPAP, unaowaazima wapagazi mavazi ya mlimani bila malipo. Ni kazi ya heshima kubwa. Kama una buti nzima usiyoivaa, fikiria miguu ile.

Soksi nitazipitia haraka: pamba tupu inanyonya jasho na kukaa nalo, ngozi inalainika, inachubuka. Soksi za sufu au za kitambaa cha michezo ni bora. Chukua na jozi ya kubadilisha. Na ukisikia sehemu moja ya mguu imeanza kupata moto, simama hapo hapo, hata kama wenzako wanaenda. Moto huo ni lengelenge linalokuja. Vua, kausha, bandika plasta kabla ngozi haijainuka. Likishainuka usilitumbue kwa mwiba njiani. Na ndugu zangu wenye kisukari, kwenu ninyi jambo hili ni zito zaidi, kwa sababu mguu unaweza kuchubuka na msisikie. Vueni viatu kila mnapopumzika, mtazame kwa macho, kati ya vidole na chini ya wayo, na kidonda chochote kisilale nyumbani, kiende kliniki.

Nimeahidi kuwarudia watoto. Kuna watoto wa vijiji vya ndani kule Maneromango na kwingineko ambao asubuhi wanatembea mwendo mrefu kwenda shule na mchana wanaurudia. Mzazi ananunua viatu vikubwa namba mbili au tatu, ili vifike mwaka kesho. Naielewa hesabu hiyo, pesa ni ngumu. Lakini mwangalie mtoto anavyotembea na kiatu kinachopwaya: anakunja vidole ndani ili kiatu kisitoke, anaburuta mguu, kisigino kinachubuka, mwisho anavivua na kuvishika mkononi. Umenunua viatu ambavyo havivaliwi. Nafasi ya kidole gumba mbele inamtosha mtoto kukua kwa miezi kadhaa. Ukitaka kuongeza kidogo, kata soli ya ndani kwa boksi gumu au kipande cha sponji, moja au mbili, uziweke chini. Akikua, toa moja. Kisha nyingine. Na kila mwezi msimamishe, bonyeza mbele ya kiatu uone kidole chake kimefika wapi.

Tena mpime jioni, akirudi shule, kabla hajaoga. Na akisema kiatu kinamuuma, usimwambie atazoea. Ingiza mkono wako ndani ya kiatu, papasa hadi mbele kabisa. Mara nyingi utakuta msumari umechomoza kwenye soli, au mshono umekaza, au kifundo cha uzi ambacho fundi atakikata kwa dakika moja.

Muda wetu wa leo umeishia hapo, wasikilizaji. Wiki ijayo, panapo majaliwa, tutaongea habari ya begi la mgongoni na namna ya kulipanga.